Goti la Phelim Gaughran

Jumapili, 9 Mei

Nimechaguliwa tena kuwa mteuzi wa timu ya kaunti, na tena sikuomba. Tuko watano. Padri Lavelle ndiye mwenyekiti kwa sababu ana sauti na ana gari. Sonny Breheny, mwenye baa, yumo kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwacha nje. Wa kaskazini ni Kilbane na Moffatt, ambao hawasemezani tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Kilbane akisema ndiyo, Moffatt atasema hapana, hata tukiulizana kama nje kunanyesha. Wa tano ni mimi, daktari wa mifugo. Nadhani wananiweka kwa imani kwamba anayewajua fahali atawajua mabeki.

Kila mteuzi huja na parokia yake mfukoni. Mtu wa parokia ya mwenzako unaweza kumchambua mpaka koo likauke. Wa kwako unampigia kura hata kama amekufa na kuzikwa. Sheria hii haijaandikwa popote na sijawahi kuona ikivunjwa. Mimi natoka Kilcorran, na Kilcorran ina mchezaji mmoja tu kwenye timu, Phelim Gaughran, kwa hiyo kazi yangu kwa miaka yote hii imekuwa nyepesi.

Dada yangu Attracta amesikia habari kanisani kabla sijafika nyumbani. Amekaanga vipande viwili vya nyama badala ya kimoja. Ndiyo pongezi yenyewe.

Alhamisi, 13 Mei

Mvua. Kondoo wa Moffatt wana ugonjwa wa kuoza kwato.

Jumamosi, 22 Mei

Mazoezi. Nilisimama kando ya uwanja na mwavuli. Sonny alikuwa anawahutubia vijana wapya juu ya historia ya kaunti, ambayo ni fupi. Kwanza kulikuwa na yule kiungo mkubwa, fahari ya miaka ya vita, aliyepanda meli kwenda Boston wiki moja baada ya kushindwa fainali na hakuandika hata kadi. Kisha miaka ya kufungwa na kila mtu. Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, Phelim Gaughran, kijana wa shamba la mlimani asiyejulikana, aliruka katikati ya mabeki wawili, akaudaka mpira kwa mikono, maana mchezo wetu unaruhusu, akageuka hewani na kuutia wavuni. Tukachukua kombe la mkoa. Baada ya hapo, Sonny akasema, ni sasa.

"Na sasa ni nini?" kijana mmoja akauliza.

"Sasa ni mvua na wewe, mjinga wee. Kimbia!"

Phelim alikimbia nao. Ana miaka thelathini na tano. Akisimama hujishika paja, anajifanya anakaza kaptula.

Jumapili, 30 Mei

Mechi ya kwanza ya mkoa, nyumbani. Tumeshinda kwa pointi nne. Phelim alifunga goli moja, ambalo kwetu ni pointi tatu, na kupiga mipira miwili juu ya mwamba wa goli, kila mmoja pointi moja. Goli lenyewe hakukimbia hata hatua tatu. Alisimama mahali mpira ungeanguka, basi. Watu wazima wanalia. Padri Lavelle alinikumbatia, akinukia dawa ya nondo wa nguo na tumbaku.

Attracta kasema, "Yule hazeeki."

Jumanne, 1 Juni

Ng'ombe wanne, farasi mmoja, mbwa wa posta. Mvua.

Jumatano, 9 Juni

Phelim alikuja kliniki akiwa na mbwa wake wa kondoo. Nikamkagua mbwa, mzima kabisa, meno meupe kuliko yangu.

"Huyu hana kitu, Phelim."

"Najua. Si yeye." Akafunga mlango na kupandisha suruali. "Ni hili."

Nimeona magoti mengi, mengi ya wanyama. Hilo lilikuwa limevimba kama mkate wa Attracta, na nilipolikunja likasaga. Alitazama ukutani, kwenye kalenda ya chakula cha nguruwe, uso umetulia kama anangoja basi.

"Ulikwenda kwa muunga mifupa?"

"Mara mbili. Kalivuta, kalipaka mafuta, kasema ni upepo."

"Na hospitali?"

"Mke wangu Dympna kanipeleka. Daktari pale kasema gegedu imekwisha. Kasema likichanika tena watalifunga lisikunjike tena, mguu uwe fimbo moja kwa moja. Lakini daktari wa hospitali huyo ni mtu wa gofu, hajui mpira."

Nikamwuliza anataka nini. Akasema sindano ya ganzi, ile ninayowadunga farasi kabla ya kushona. Mechi mbili tu, nusu fainali na fainali.

"Hapana."

"Nitakusainia karatasi."

"Karatasi ya nini, wewe? Nikikudunga hutasikia goti likivunjika. Hapana."

"Basi nitacheza bila."

"Mwambie Padri unaumwa. Acha tu."

Akanitazama kama nimesema jambo chafu mbele ya mama yake. Na kweli, nilijua nilichosema. Hapa kwetu mtu haivui jezi ya kaunti. Huvuliwa. Aliyeondoka mwenyewe, hata kwa mguu uliovunjika, watoto wake watasimangwa shuleni. Phelim akashusha suruali, akamwita mbwa na kuondoka. Hakuchechemea mpaka alipopita dirisha la baa.

Nilifanya vizuri kukataa. Naandika hivyo ili nilale.

Jumapili, 20 Juni

Nusu fainali, ugenini. Tumeshinda kwa pointi moja. Phelim kafunga pointi tano kwa mguu mmoja. Kila alipoanguka, beki wao alikuwa anaufuata ule mguu. Wameshajua. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu walimbeba mabegani, na kelele zilikuwa kubwa hivi kwamba hakuna aliyesikia alichosema walipomshika gotini. Mimi niliona mdomo.

Kwenye ngazi za basi alipanda wa mwisho. Alimwambia dereva anataka kuvuta sigara. Phelim havuti sigara.

Jumatano, 23 Juni

Moto wa mkesha wa Mtakatifu Yohana, ule tunaouwasha kila mwaka. Kilcorran nzima ilikuwa njia panda. Watoto wanarusha matawi, wazee wanalalamika kwamba moto wa zamani ulikuwa mkubwa zaidi. Jua bado lilikuwa juu ya mlima. Sonny alileta pipa. Watu wanaimba jina la Phelim na Phelim amekaa juu ya ukuta anacheka, mguu ameunyoosha.

Mkewe akanivuta upande wa pili wa lori la Sonny. Dympna ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi, amenilipa kwa mayai tangu aolewe. Akasema moja kwa moja.

"Daktari, mtoe."

"Mtoe nani?"

"Usinifanye mtoto. Kwenye fainali. Mpigie kura atoke."

Nikamwambia hilo halijawahi kutokea, mtu wa Kilcorran kumtoa mtu wa Kilcorran.

"Najua halijatokea. Asubuhi anashuka ngazi akikalia makalio, ngazi moja moja, ili nisisikie hatua. Anadhani sijui. Tuna watoto wanne na shamba limesimama wima kama ukuta. Nani atakamua? Nani atapanda kule kwa kondoo? Sonny?"

"Mwambie mwenyewe akatae."

"Nimemwambia. Kaacha kunisemesha siku tatu." Akafuta uso kwa mkono, kwa hasira, si kwa huzuni. "Akijua nimekuja kwako hatanisamehe mpaka afe. Usimwambie. Niapie."

Nikaapa. Kisha akarudi motoni kuwagawia watoto viazi, na mimi nikabaki nikitazama gurudumu la lori.

Nilikuwa nikimwona Dympna kuwa mwanamke baridi. Nilikosea.

Ijumaa, 25 Juni

Mvua. Sina la kuandika.

Jumatatu, 28 Juni

Mvua. Nyasi zimelala mashambani, hakuna anayethubutu kukata. Kila nyumba imetundika bendera. Mpaka kanisani kuna utepe wa rangi za kaunti kwenye miguu ya Mtakatifu Antoni. Attracta anauliza kama tutakwenda fainali na gari letu au la Padri. Nimesema la Padri.

Alhamisi, 1 Julai

Padri Lavelle alinisimamisha barabarani. Miaka yote nimemwona mtu wa maneno matupu, na leo alisema machache.

"Phelim hapigi magoti tena kwenye Misa. Anakaa ameinama tu. Umeona?"

"Nimeona."

"Nami nimeona." Akazungusha kofia. "Jumanne kwenye kikao cha uteuzi nitasema nionavyo, Malachy. Sitakuuliza wewe unaonaje. Wewe ni wa Kilcorran."

Jumanne, 6 Julai

Kikao cha uteuzi, chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia. Dirisha wazi, nje vijana wanapiga mpira ukutani. Taratibu ni ileile: jezi kwa jezi, kuanzia kipa, anayepinga ainue mkono. Kilbane na Moffatt walipingana kuhusu kila jezi, kama kawaida, na kama kawaida wakafutana. Tukafika jezi namba kumi na nne.

"Gaughran," Sonny akasema, tayari anageuza ukurasa. "Kumi na tano?"

"Ngoja," Padri akasema. "Mimi napendekeza Enda Rushe."

Enda Rushe ana miaka ishirini, ana kasi, mikono yake ina siagi.

"Padri, umekunywa?" Sonny akauliza.

"Phelim hawezi kukimbia. Tunamchinja mtu hadharani na kuimba."

"Hakimbii, na katufungia pointi tano! Mwache asimame pale hata na mkongojo, watamwekea mabeki watatu kwa woga tu. Loo! Fainali ya kwanza tangu ile, na wewe unataka kumwacha nje aliyetuletea ile?"

Kilbane akasema Gaughran. Moffatt papo hapo akasema Rushe. Hata hakufikiri, na hilo sitamsahau, kwamba nusu ya jambo hili iliamuliwa na mpaka wa shamba. Wawili kwa wawili. Sonny akacheka na kukaa nyuma kwenye kiti, ameshatulia. Nilibaki mimi, na mimi ni wa Kilcorran.

"Haya, Daktari. Tumalize, kiu inaniua."

Nilikuwa na hoja nyingi kichwani tangu ule moto. Nilikuwa nimezipanga. Hazikutoka hata moja.

"Rushe," nikasema.

Sonny hakupiga kelele. Nilitarajia apige kelele. Aliuliza taratibu, "Kakufanya nini yule?"

"Hakunifanya kitu. Amezeeka."

"Mbwa wewe," akasema, akatoka. Kikao ni cha siri. Nilipofika nyumbani Attracta alikuwa ameshajua. Alikuwa amesimama jikoni, koti bado mwilini.

"Sema si kweli."

"Ni kweli."

"Wewe? Wa hapahapa? Mama angekuwa hai, Malachy, angekufa tena." Akapanda chumbani. Sahani yangu haikuwepo mezani.

Jumatano, 7 Julai

Attracta hasemi nami. Mtu kaandika YUDA kwenye mlango wa kliniki kwa rangi ya kuwekea kondoo alama. Rangi nzuri, haitoki.

Alhamisi, 8 Julai

Attracta hasemi nami. Phelim alikuja kliniki, bila mbwa safari hii.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa sababu ya goti?"

Nilikuwa nimeapa, na hata bila kiapo nisingeweza. Goti alinionyesha mwenyewe, lakini ningekiri ni goti angeanza kuuliza nani kanisukuma.

"Kwa sababu Rushe ana kasi. Wewe umekwisha, Phelim. Umetufanyia makubwa, sasa umekwisha."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. "Sawa," akasema. Nilitamani anipige. Niliumia, na naandika kwamba niliumia, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Jumapili, 11 Julai

Fainali. Nilikwenda peke yangu na gari langu. Padri alinipisha kwenye benchi la wateuzi, akakaa kati yangu na Sonny. Phelim alikaa na wachezaji wa akiba, koti mabegani, jezi namba kumi na tisa chini yake.

Hapakunyesha. Mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Tulicheza vizuri, kweli vizuri. Rushe alikimbia kama sungura na kuwapasua mara mbili, akapiga juu ya mwamba mara tatu. Mapumziko tulikuwa mbele. Mtu nyuma yangu akasema labda Daktari hakukosea, mwingine akamwambia anyamaze. Kipindi cha pili wakatuvuta kidogo kidogo. Zilipobaki dakika chache tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Pointi mbili maana yake goli moja linatosha. Hapo ndipo umati ukaanza. Kwanza upande wa Kilcorran, kisha uwanja mzima, upande wetu wote: Phe-lim! Phe-lim!

Phelim hakungoja. Alivua koti na kusimama, akaanza kurukaruka pale pale kupasha mwili, na niliona rangi ikimtoka usoni kila alipotua.

"Mwingize!" Sonny akapiga kelele. "Padri, mwingize, kwa ajili ya Mungu!"

Padri akageuka, lakini hakumtazama Sonny. Alinitazama mimi. Nilielewa kwamba angemwingiza, kwamba umati ulikuwa umemshinda, na kwamba alitaka mtu amzuie.

Nikatikisa kichwa.

"Hapana," Padri akamwambia Sonny. Phelim alituona. Akaacha kurukaruka. Hakukaa, alibaki amesimama tu.

Dakika ya mwisho kabisa mpira mrefu ulipigwa kutoka katikati. Ulipanda juu sana, ukashuka mbele ya goli lao, polepole. Rushe alikuwa chini yake, peke yake na beki mmoja. Aliruka mapema. Mpira ukamgonga vidole, ukatoka nje. Filimbi.

Nilimtazama Phelim badala ya uwanja. Wakati mpira uko hewani alikuwa ameinua mikono, pale kando ya mstari, amepiga hatua moja upande wa kushoto. Palepale ndipo ulipoangukia.

Jumatatu, 12 Julai

Jua. Watu wanakata nyasi. Hakuna aliyeniita leo, na ng'ombe hawawezi kuwa wazima wote kwa siku moja.

Jumamosi, 17 Julai

Jua. Kwenye baa Sonny alinihudumia bila neno, akaweka glasi mbali nami ili ninyooshe mkono. Rushe alikuwepo, pembeni, analia ndani ya bia yake. Nilimwambia mipira mitatu juu ya mwamba katika fainali si mchezo. Akasema, "Niache, mzee." Nikamwacha.

Jumapili, 18 Julai

Kanisani benchi langu lilikuwa langu peke yangu. Attracta kakaa mbele kwa akina Breheny. Padri kahubiri juu ya kusamehe, na wote walijua, na wote walikohoa.

Alhamisi, 22 Julai

Attracta kasema, "Chumvi." Nimempa chumvi.

Alhamisi, 29 Julai

Alfajiri mtoto mkubwa wa Gaughran alikuja kwa baiskeli. Mtamba wao anazaa na ndama amekwama. Hakuna daktari wa mifugo mwingine karibu, la sivyo wangemwita.

Phelim alikuwa zizini, mikono ya shati juu. Hakunisalimu. Nikavua koti, nikajipaka sabuni, nikaingiza mkono. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika nyuma. Nikaunyoosha, nikafunga kamba, na kwa kuwa sina nguvu za zamani nikampa Phelim ncha moja. Tukavuta pamoja kila mtamba alipokaza. Alijikita kwa mguu mzuri. Ule mwingine alikuwa ameutoa pembeni kama wa mtu mwingine. Ndama akatoka, mkubwa, jike, hapumui. Nikamsafisha pua, Phelim akamchoma kwa unyasi puani, naye ndama akapiga chafya na kuanza kupumua. Tukakaa chini kwenye majani, wote tumeloa.

Ndipo akasema, bila kunitazama.

"Ule mpira wa mwisho ningeudaka."

Ningeweza kusema nani ajuaye. Watu wa huruma wangesema hivyo.

"Ungeudaka," nikasema.

"Ningefunga."

"Ungefunga, Phelim."

Mtamba alikuwa anamlamba mwanawe.

"Na goti lingekwenda palepale. Wakati wa kutua."

Nilidhani nimekosea kusikia. Kumbe alikuwa anajua kwa nini nilimtoa. Sijui tangu lini.

"Lingekwenda," nikasema.

"Mguu fimbo. Maisha."

"Ndiyo."

"Ningekubali," akasema. Hakuwa na hasira. Aliniambia tu, kwa vile nilikuwa mtu pekee aliyemwuliza maswali ya goti. "Mtu angeniuliza, ningekubali."

Niliinua macho. Dympna alikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya moto ya kunawia. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani, lakini maji yalikuwa yameacha kutoa mvuke, na alikuwa amesikia. Phelim alikuwa amempa mgongo, akajua kwa uso wangu nani yuko nyuma yake. Hakugeuka. Akaokota konzi ya majani makavu, akaanza kumsugua ndama ubavuni.

Dympna akaiweka ndoo chini. Akaja, akapiga magoti upande wa pili, akaokota majani yake. Ndama alikuwa amelowa na anatetemeka, kwa hiyo wakamsugua, huyu upande huu na yule upande ule, na mimi nikanawa mikono na kuondoka.